Msamiati Unaofundishwa Leo na Kusahaulika Wiki Ijayo

SWALI: Mhariri, ninawafundisha watu wazima lugha ya kigeni katika ngazi ya mwanzo. Katika kila kipindi huandika ubaoni maneno ishirini ya kundi moja, kama vile rangi au viungo vya mwili, nao huyanakili pamoja na maana zake. Nimeongeza picha na nyimbo, na darasa limechangamka, lakini wiki inayofuata wengi hawakumbuki hata nusu ya maneno hayo. Nitumie mbinu gani za kibunifu? Na je, ni vibaya kuwapa tafsiri?

JIBU: Mwalimu, ubunifu unao, ila wote umeuelekeza kwenye kulitambulisha neno, ilhali kumbukumbu hujengeka zaidi mwanafunzi anapolazimika kulitafuta neno hilo akilini mwake bila kuliona popote. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka kifungu walichokisoma walikihifadhi vizuri zaidi, baada ya wiki moja, kuliko wale waliokirudia kukisoma. Kwa hiyo anza kipindi kwa ubao mtupu. Wagawe wanafunzi wawiliwawili, mmoja aeleze neno la juma lililopita bila kulitaja na mwenzake alibashiri, kisha wabadilishane zamu. Siku nyingine mwanafunzi asimulie kisa kifupi chenye maneno hayo kwa dakika 4, akirudie kwa msikilizaji mwingine kwa dakika 3, na kwa wa tatu kwa dakika 2. Muda unavyobana ndivyo maneno yanavyolazimika kuja upesi.

Jambo la pili huenda likakushangaza, kwa kuwa vitabu vingi vya kiada hufanya kama ufanyavyo wewe: rangi zote zisifundishwe siku moja. Utafiti wa Thomas Tinkham uliochapishwa mwaka 1993 ulibaini kwamba maneno ya kundi moja la maana hujifunzwa kwa taabu zaidi kuliko maneno yasiyohusiana, kwa sababu yanayofanana huingiliana na mwanafunzi akabaki hajui lipi ni lipi. Hali ni hiyohiyo kwa vinyume vinavyofundishwa kwa pamoja. Badala ya kundi, chagua tukio: katika kisa cha msafiri aliyechelewa, maneno kama tiketi, mzigo, kukimbia, mlango na hasira hukutana kwa kawaida, wala hakuna linaloweza kudhaniwa kuwa ni jingine. Na ishirini ni mengi mno. Mimi ningepunguza hadi manane au kumi, na muda utakaookolewa ningeutumia kwa marudio.

Marudio hayo yaachane kwa vipindi vinavyozidi kurefuka. Tangu mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885 inajulikana kwamba usahaulifu huwa wa kasi mwanzoni, kisha hupungua. Ndiyo maana marudio ya kwanza hayafai kungoja wiki nzima. Visanduku vya kadi vilivyoenezwa na Sebastian Leitner miaka ya 1970 vinafuata kanuni hiyo: kadi iliyojibiwa sawasawa huhamia kisanduku kinachofunguliwa mara chache zaidi, na iliyokosewa hurudi cha kwanza. Maboksi ya karatasi yanatosha. Programu za simu hufanya kazi ileile.

Mbinu nyingine ni kutii amri kwa vitendo, iliyoasisiwa na mwanasaikolojia James Asher: mwalimu huamuru, nao wanafunzi hutenda. Huwafaa sana wanaoanza, lakini haifiki mbali kwa maneno ya dhahania.

Kuhusu tafsiri, hapana, si kosa hata kidogo. Kuzunguka dakika tano kwa ishara ili kueleza neno ambalo lingeeleweka mara moja kwa lugha wanayoijua ni kupoteza muda, ingawa wapo walimu wanaoliona hilo kuwa fahari. Toa tafsiri, kisha dai sentensi: kila mwanafunzi alitumie neno hilo kusema jambo la kweli kuhusu maisha yake, nawe ukumbuke kumuuliza habari za jambo hilo katika kipindi kinachofuata.