Masta ya mabadiliko ya taasisi na uwezeshaji huku uko kazini: niliyoyaona mimi

Mleta mada, umesema una miaka 36, ni afisa rasilimali watu kwenye taasisi ya umma, na mkononi una barua mbili za udahili: MBA (masta ya usimamizi wa biashara) ya jioni, na masta ya mabadiliko ya taasisi na uwezeshaji wa makundi, yaani kuongoza vikao na warsha, inayosomwa Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa. Umeuliza kama hii ya pili inalipa au ni semina iliyorefushwa ikavishwa joho. Umeuliza pia kama mtu mkimya kama wewe anaiweza. Niliisoma hiyo nikiwa kazini mwanzo hadi mwisho. Ilitakiwa iwe miaka miwili, ikanichukua miwili na miezi minane. Chuo sitakitaja.

Pesa kwanza, tumalizane nayo. Mshahara wangu haukupanda hata shilingi kwa ajili ya cheti hicho. Muundo wa utumishi wa kada yangu haukukitambua, na afisa utumishi aliyepokea nakala aliitia kwenye faili akaniambia hongera. Nilichopata ni kazi za wikiendi za kuwezesha warsha za mpango mkakati kwenye asasi mbili tatu, na ada ikarudi polepole. Kama unachotafuta ni cheo, chukua MBA. Wakubwa wanaielewa bila kuelezwa.

Sasa kilichonifanya nisijute.

Wiki ya tatu mhadhiri alitukalisha watu 14 kwenye duara. Hakuna meza, hakuna projekta. Akasema, "Tuna saa moja na nusu. Kazi yetu ni kujifunza kuhusu kundi hili." Akanyamaza. Tukasubiri aendelee, naye akaendelea kunyamaza. Baada ya dakika kama nne mwenzetu wa halmashauri akasema basi tuanze na sala. Tukasali. Mwingine akapendekeza tuchague mwenyekiti na katibu. Mwenyekiti akawa mwanamume mkubwa kuliko wote kwa umri, hata kura haikupigwa. Katibu akawa binti mdogo kuliko wote, naye hakuulizwa. Mwenyekiti akauliza ajenda ni ipi. Hakuna aliyejua. Dakika ya ishirini, nawaapia, tulikuwa tunajadili mchango wa chai. Dakika ya arobaini jamaa wa benki akafoka: tumelipa ada tuje tukae kama wafiwa? Hapo ndipo mhadhiri akafungua mdomo. "Katibu ameandika maneno ya kila mtu tangu tuanze. Sijasikia aliyemuuliza yeye anaonaje."

Yule binti akaweka kalamu chini. Mimi nilitazama viatu vyangu, maana mimi ndiye niliyempendekeza.

Nimehudhuria vikao kwa miaka kumi na mbili, nimesema "itifaki imezingatiwa" mara zisizohesabika, na sikuwahi kuona kikao kwa namna ile. Sala, mwenyekiti, katibu, mchango: tulikimbilia vyote kwa sababu ukimya ulitutisha, na tukagawana vyeo kwa jinsia na umri kabla hatujajua kazi yenyewe ni nini.

Mbinu hiyo si ya juzi. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani mwaka 1933, aliendesha warsha New Britain, Connecticut, mwaka 1946. Kila jioni watafiti walikutana kujadili waliyoyaona kwenye makundi mchana. Washiriki wachache wakaomba waingie wasikilize, Lewin akakubali, na wakaanza kubishana na watafiti: hapana, mimi sikufanya vile, ilikuwa hivi. Ule ubishi ukawafundisha zaidi ya masomo ya mchana. Lewin alifariki Februari 1947, na kiangazi cha mwaka huo wenzake wakaanzisha mafunzo ya namna hiyo kule Bethel, Maine. Kwa hiyo jambo la kwanza kukiuliza chuo kabla hujalipa ni hili: je, kuna saa ambazo darasa lenyewe ndilo somo, na mwalimu aliyezoea kukaa nalo bila kulikimbia? Kama mtaala mzima ni slaidi, hiyo ni semina iliyovishwa joho.

Kwenye nadharia sitakaa sana. Hatua nane za kuongoza mabadiliko za John Kotter, profesa wa Harvard, za mwaka 1995 utazisoma, na zinapendeza kwenye projekta, ila zinaanza na bosi ambaye anayataka mabadiliko kwa moyo. Kwetu mara nyingi mabadiliko yanaingia kwa waraka wenye tarehe, na bosi mwenyewe ameusoma siku moja na wewe. Mwanasaikolojia Tuckman na hatua zake za ukuaji wa kundi watu huzitaja kama amri kumi, kumbe mwaka 1965 jamaa alipitia makala 50 zilizokwisha kuandikwa, nyingi za makundi ya tiba na ya mafunzo kama lile letu, akaona ruwaza. Chukua kama ramani ya kuchora kwa mkono. Kuna pia ile "nafasi wazi" ya Harrison Owen, mkutano ambao washiriki wenyewe hupanga ajenda, yenye sheria ya miguu miwili: ukiona hapo ulipo hujifunzi wala huchangii, nyanyuka uende kundi lingine. Nataka nimwone mhudumu wa ofisi anayenyanyuka kwenye kundi la mkurugenzi wake.

Mjadala uliotushika zaidi darasani ulikuwa wa kwetu Tanzania: Matokeo Makubwa Sasa, mpango wa serikali wa mwaka 2013, mfano ulioletwa kutoka Malaysia, wataalamu wakafungiwa wiki kadhaa kwenye "maabara", yaani vikao vya kupanga utekelezaji, kwa sekta sita za mwanzo. Mwenzetu wa halmashauri aliuliza swali moja tu: wale waliotakiwa kuyatekeleza kule chini, wangapi walikuwa kwenye kile chumba? Yeye alikuwa amewezesha Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo vijijini, ambako mpango unaanzia kwa wanakijiji, kwa hiyo alijua na upande wa pili wa shilingi: kijiji kinapanga vizuri, bajeti inakuja na vipaumbele vingine.

Tasnifu yangu niliifanya kazini kwetu, utafiti tendaji, yaani unachunguza huku unabadilisha. Tulikuwa tumeingia e-Ofisi, mfumo wa kupitisha mafaili na madokezo kwa kompyuta badala ya karatasi. Waraka ulishatoka, mafunzo yalifanyika mara mbili, kompyuta mpya ziliwekwa masijala. Miezi saba baadaye kila dokezo lilikuwa na maisha mawili: moja kwenye mfumo, jingine kwenye faili la karatasi lililobebwa ghorofa kwa ghorofa. Menejimenti walikuwa na jibu tayari: watu wa masijala ni wazee, wanapinga mabadiliko.

Lewin ana mchoro mwepesi. Unapiga mstari katikati ya bango kitita, kushoto unaandika vinavyosukuma jambo mbele, kulia vinavyolizuia. Hoja yake ni kwamba ukiongeza msukumo na vizuizi ukaviacha palepale, unachoongeza ni mvutano. Nikatazama mipango ya ofisi: mafunzo ya tatu, barua za onyo. Vyote kushoto.

Nikaomba kukaa masijala siku tisa. Nikakuta mkurugenzi mmoja hafungui mfumo kabisa. Katibu muhtasi wake anachapa dokezo, mzee anasaini kwa kalamu, linarudi kuskaniwa. Masijala wangeachaje karatasi? Nikakuta pia mama aliyefanya kazi miaka 24 kwenye kile chumba, ambaye jengo zima humpigia simu: "Mama, lile faili la kiwanja liko wapi?" Mfumo ulikuwa unakuja kulifuta swali hilo, na ile simu pamoja nalo. Hakuna aliyekuwa amemwambia baada ya hapo yeye atakuwa nani. Hilo mimi siliiti upinzani. Neno "upinzani" ni la mtu ambaye hajaenda kuketi.

Tukakubaliana mambo mawili. Yule mama akakabidhiwa upangaji wa majina na namba za mafaili ndani ya mfumo, kazi ambayo vijana wa TEHAMA walikuwa wanaivuruga kwa sababu hawajui barua ya namna ipi inakaa wapi. Na kuanzia Julai mosi, mwaka mpya wa fedha, dokezo la karatasi likawa halipokelewi. Karatasi zilipungua sana, hazikuisha. Mkurugenzi yule mpaka anastaafu hakuwahi kufungua mfumo. Katibu muhtasi alikuwa anafungua kwa nywila ya bosi wake. TEHAMA msinisikie.

Na sasa aibu yangu, maana usidhani masta inakukinga.

Nilipewa kuwezesha nusu siku ya baraza la wafanyakazi. Vyombo hivi vipo tangu Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970, na vilipata moto zaidi ulipotoka Mwongozo wa TANU wa 1971 uliokemea viongozi wenye kiburi na dharau. Kwenye ofisi nyingi siku hizi ni mahali pa kupitisha bajeti na kula chakula cha mchana. Mimi nikataka pawe na maneno ya kweli. Nikagawa kadi na kalamu rashasha, nikasema andikeni kinachowakwaza kazini, msiandike majina. Zikabandikwa ukutani, zikasomwa, watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikarudi nyumbani kifua mbele. Kadi moja ilisema magari ya ofisi yanapeleka watoto wa wakubwa shule.

Wiki iliyofuata dereva mmoja aliitwa ofisini kuulizwa. Alikuwa anajaza kitabu cha safari za gari kila siku, na mwandiko wake mkubwa anaujua kila anayekisaini. Sikuwa nimelifikiria hilo hata sekunde moja. Alihamishiwa kituo kingine ndani ya miezi miwili. Kwa sababu ipi, barua haikusema. Nilimpigia simu kumwomba radhi, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka, wewe ulikuwa unafanya kazi yako." Ningependa angenitukana.

Siku hizi kadi zinaandikwa na mtu mmoja kwa niaba ya kundi, kundi la madereva linakaa peke yake kwanza, na kabla ya yote namuuliza mkuu wa taasisi ana kwa ana: likisemwa jambo linalokuuma, utafanya nini Jumatatu? Akijibu kwa kuzungukazunguka, napunguza maswali ya siku hiyo. Darasani tulisoma sura nzima ya usiri. Mwandiko haukutajwa.

Mambo madogo madogo sasa. Ruhusa ya mwajiri iombe kwa maandishi, na utafiti wa ofisini kwako uombe kwa barua tofauti, maana kibali cha kusoma hakiwi kibali cha kuchunguza wenzako. Waambie mapema wale unaowahoji kwamba wewe bado ni mtu wa rasilimali watu na watakutana nawe siku ya tathmini. Wengine watakataa, waache. Miezi minane niliyochelewa ilikuwa ya msimamizi aliyekuwa na wanafunzi wengi kuliko saa, kwa hiyo uliza kila msimamizi ana watu wangapi. Ukiona programu ya nje inayosomwa mtandaoni, waulize TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwanza kama tuzo hiyo inatambulika hapa, kabla hujatuma hata dola moja. Nyumbani pia waambie ukweli: Jumamosi zangu zote zilikwisha, na harusi za ukoo nilizikosa nyingi mpaka shangazi akaniuliza kama nimebadili dini.

Kuhusu ukimya wako. Mimi ni msemaji, na nusu ya masta yangu ilikwenda kwenye kujifunza kumeza neno. Jamaa wa benki aliyefoka aliacha muhula wa pili. Yule binti tuliyemfanya katibu bila kumuuliza ndiye aliyekuwa na masikio kuliko darasa zima, na nikipata kikao chenye wakurugenzi na madereva chumba kimoja, nampigia yeye aongoze, mimi nashika kalamu.