Mgahawa unajaa, hela haikai: angalia sahani kabla ya kuangalia tangazo

Wenye migahawa wanaonipigia simu mara nyingi hawalalamiki kukosa wateja. Malalamiko yao ni haya: mchana watu wanajaa mpaka wengine wanasubiri viti, lakini ikifika tarehe ya kulipa kodi ya fremu inabidi kukopa. Nimekaa kwenye kazi ya chakula tangu nikiwa mtunza stoo wa hoteli moja ya ufukweni Zanzibar, baadaye nikasimamia mgahawa wa chakula cha mchana katikati ya Dar es Salaam, na siku hizi nawasaidia wenzangu kupanga hesabu zao. Kote huko nimeona jambo lilelile. Biashara hii inabebwa na sahani inayotoka sawasawa kila siku: mteja aikute leo na keshokutwa kwa ujazo uleule na ladha ileile, na mwenye mgahawa ajue imemgharimu shilingi ngapi. Rangi ya ukuta, picha za Instagram na spika mpya vina nafasi yake, lakini havijawahi kuuokoa mgahawa usioijua sahani yake.

Kwa hiyo anza na sahani moja, ile inayouzwa kuliko zote. Kwa migahawa mingi ya mjini ni wali nyama. Kaa chini uipigie hesabu kwa chakula kilichoiva, siyo kwa bei ya sokoni, kwa sababu mteja hali kilo ya buchani. Nyama ya ng'ombe ikichemka inapungua robo mpaka theluthi ya uzito wake. Mchele unakwenda kinyume: kilo moja ikiiva inatoa karibu kilo mbili na nusu mpaka tatu za wali. Viazi vikimenywa vinapungua, ndizi zinapungua zaidi, na samaki akishaparuliwa na kutolewa matumbo siyo yule uliyempima pale soko la samaki la Feri asubuhi.

Tuseme nyama isiyo na mfupa umeinunua shilingi 12,000 kwa kilo, na ikiiva inabaki gramu 700. Ukipakua gramu 100, usiandike kwenye daftari kwamba zimekugharimu 1,200. Zimekugharimu zaidi ya 1,700. Tofauti hiyo ya mia tano na kitu kwa sahani ndiyo watu wengi wanaishi bila kuiona, wanapanga bei kwa kuangalia jirani anauza ngapi, halafu wanashangaa.

Sasa ongeza mkono wa anayepakua. Mkono wa binadamu haupimi sawa saa sita na nusu na saa nane kasoro. Foleni ikiwa ndefu unapakua kwa haraka, mteja unayemfahamu unamwongezea, askari wa getini unamwongezea, na hakuna ubaya wa moyo hapo. Lakini gramu 20 za nyama zilizozidi kwenye kila sahani, kwa bei ya mfano wetu, ni karibu shilingi 340. Kwa sahani 150 kwa siku ni zaidi ya 51,000. Kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya milioni moja na laki tatu. Kwenye migahawa mingi ya ukubwa huo, hiyo ni kodi ya mwezi au mishahara ya watu kadhaa, na imetoka mlango wa mbele ikiwa juu ya wali, mchana kweupe, bila mtu kuiba kitu.

Dawa yake haina gharama kubwa: mizani ndogo ya jikoni, na upawa mmoja wa kila chakula. Upawa wa maharage usiwe wa mchuzi. Vipande vya nyama vikatwe na kupimwa vikiwa vibichi, asubuhi kabla ya sufuria kuwekwa jikoni, ili anayepakua ahesabu vipande badala ya kukisia. Kuku agawanywe vipande vya idadi moja kila siku. Wapishi wazoefu wataguna mwanzoni, wataona unawapimia kama wanafunzi. Waeleze kwa heshima kwamba huwapimi wao, unapima chakula. Mimi sijamwona mpishi mzuri aliyeichukia mizani baada ya wiki mbili, kwa sababu inamwondolea lawama: chakula kikiisha kabla ya wakati, kila mtu anajua ziliingia sahani ngapi na zimetoka ngapi.

Kutoka kwenye sahani, nenda stoo. Kila mwisho wa wiki hesabu kilichomo, chote, mpaka lita za mafuta na mtungi wa gesi uliobaki nusu. Chukua thamani ya vitu ulivyoanza navyo wiki, jumlisha ulichonunua, toa kilichobaki. Hicho ndicho ulichotumia. Mfano: umeanza na vitu vya laki tisa, umenunua vya milioni 2 na laki 6, vimebaki vya laki saba. Umetumia milioni 2 na laki 8. Kama wiki hiyo uliuza milioni 7, chakula kimekula asilimia 40 ya mauzo. Hoteli nyingi hujitahidi isizidi asilimia 30 hivi. Mgahawa wa wali wa mchana wenye bei za watu wa kawaida unaweza kuishi na 40 endapo kodi ni nafuu na viti vinazunguka haraka. Ikifika 50, nakushauri usingoje mwisho wa mwezi kuchunguza.

Na chunguza kwa utulivu. Watu hukimbilia neno wizi. Wizi upo, sikatai, lakini katika stoo nilizozihesabu, sehemu kubwa ilikuwa vitu vya kawaida kabisa: nyanya zilizonunuliwa tenga zima kwa sababu bei ilikuwa nzuri zikaoza Alhamisi, mafuta yanayomwagwa mapema au yanayotumika mpaka yanatoa povu na kuharibu ladha ya chipsi, wali wa ziada unaopikwa kila siku kwa hofu ya kuishiwa. Mimi nasema bora wali uishe saa nane na nusu mteja wa mwisho akapewe ugali, kuliko kumwaga sufuria kila jioni.

Kipo kingine ambacho wengi wanaona aibu kukiandika: chakula cha ndugu na marafiki. Shemeji akipita anakula, watoto wa dada wakitoka shule wanakula, rafiki wa bosi anakula na wageni wake. Sisemi uwafukuze, nasi tumelelewa kwa ukarimu. Nasema kiandikwe. Fungua ukurasa wa chakula cha nyumbani na cha wafanyakazi, kila sahani iingie humo kwa gharama yake, na mwisho wa mwezi uikate kwenye fungu lako mwenyewe. Familia ina uzito mkubwa kwenye biashara hii kuliko vitabu vya biashara vinavyokubali. Mwaka 2005 mtafiti H. G. Parsa na wenzake walitoa utafiti juu ya migahawa ya Columbus, Ohio, kule Marekani. Waliona karibu robo ilifungwa au kubadilisha mmiliki mwaka wa kwanza, na ndani ya miaka mitatu takriban asilimia 60. Walipozungumza na wamiliki, suala la familia lilijitokeza kwa nguvu: saa ndefu za kazi, ndoa, malezi ya watoto. Niliposoma hayo niliwaona watu ninaowafahamu hapa hapa mjini. Kabla ya kutia mafao yako yote kwenye mgahawa, kaa na mwenzi wako mkubaliane nani atakwenda sokoni alfajiri na nani atafunga usiku, na hela ya nyumbani itatoka tarehe ngapi na kiasi gani. Droo ya keshia isiwe pochi ya nyumbani.

Jambo la tatu ni muda, na kwa chakula cha mchana cha mjini hili ni zito. Ofisi zinatoka karibu kwa pamoja. Una saa mbili, pengine pungufu, za kuuza sehemu kubwa ya mauzo ya siku. Sheryl Kimes wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walipendekeza mwaka 1998 kwamba mgahawa upime mapato kwa kila kiti kwa kila saa, kama hoteli inavyopima mapato kwa kila chumba. Ni kipimo kizuri sana kwetu. Viti 40 kwa saa mbili ni saa 80 za viti. Ukiuza laki sita ndani ya muda huo, kila kiti kimeingiza 7,500 kwa saa. Wiki ijayo jaribu kuipandisha bila kuongeza hata kiti kimoja.

Inapandaje? Simama pembeni na saa mkononi uangalie mteja anapoteza dakika wapi. Mara nyingi hazipotei kwenye kula. Zinapotea kwenye kulipa. Mteja amemaliza, ametuma hela kwa lipa namba, sasa anasubiri ithibitishwe, na simu inayopokea meseji anayo bosi aliyeko Mbezi. Mhudumu anapiga, bosi hapokei, meza imeshikwa, na watu wanne wamesimama mlangoni wanatazamana kisha wanaondoka kwenda ng'ambo ya barabara. Weka simu ya malipo kwa keshia, na kama unaihofia hela itakayopita hapo, panga namna ya kukagua miamala jioni. Keshia aanze siku na chenji ya kutosha. Juisi ziwe zimeshamiminwa. Vyakula vinavyokaangwa hapo hapo, samaki na chipsi, visizidi viwili saa ya foleni. Ongeza meza za watu wawili, kwa sababu mtu mmoja akikalia meza ya wanne, wageni wengi wa kwetu wataona haya kujisogeza.

Hayo yote yanafanywa na watu, na hapa ndipo ninapokuwa mkali kidogo. Nimeona hoteli za pwani ambazo masika ikianza, Machi kuelekea Mei watalii wanapopungua, wahudumu wanaambiwa waende nyumbani. Juni wageni wanarudi kwa wingi, na hoteli inaajiri watu wapya ambao hawajui hata glasi zinakaa kabati gani. Mgeni wa Julai analipa bei ya juu kuliko wote na kuhudumiwa na mtu aliyeanza kazi juzi. Maoni yake yanakaa mtandaoni mwaka mzima. Kilichookolewa kwenye mishahara ya miezi miwili kinalipwa mara kadhaa. Ushauri wangu ni kubaki na kiini cha wafanyakazi, wapishi wakuu na wahudumu wanaoaminika, uwapangie likizo zao masika, na wanaobaki wafundishane: wa baa ajifunze mapokezi, wa usafi ajifunze kutandika meza.

Kwa mgahawa mdogo ni vilevile. Mshahara utoke tarehe uliyosema, hata kama ni mdogo. Michango ya NSSF ipelekwe. Anayefunga usiku apewe nauli ya kufika kwao salama. Bakshishi igawanywe mpaka jikoni, kwa sababu aliyekaanga samaki vizuri ndiye aliyemfurahisha mgeni, na anayeosha vyombo ndiye aliyefanya sahani ipatikane saa saba. Mpishi akikaa miaka, ladha inakaa. Pamoja na hayo, andika vipimo vya kila chakula na uvibandike jikoni: mchele kiasi gani, mafuta kiasi gani, chumvi vijiko vingapi kwa sufuria ipi. Siku mpishi wako akiuguliwa au akienda kwao msibani, pilau ya Ijumaa lazima iwe ileile.

Soma pia kalenda ya mifuko ya watu. Wiki ya mshahara kuku na samaki wanatoka. Katikati ya mwezi maharage na mboga za majani ndiyo mfalme, na ukinunua kuku kwa kiasi kilekile watalala kwenye friza. Januari ni ya ada na sare za shule. Ramadhani mauzo ya mchana yanashuka, lakini mwenye kujipanga kwa futari, uji, tambi, mihogo ya nazi na vitafunwa vya kubeba, anaweza kuufanya mwezi huo kuwa mzuri kuliko uliopita.

Choo na maji ya kunawa sitavisemea sana: kagua mwenyewe kila saa, usitume mtu.

Swali la mwisho ninaloulizwa ni la bei, vitu vinapopanda sokoni. Wengi hupunguza nyama kimyakimya na kuacha bei ilivyo. Mimi nimesimama upande wa kupandisha bei waziwazi, siku mbili tatu baada ya kuwaambia wateja wa kila siku, na sahani ikabaki kama ilivyokuwa. Mteja anayelipa 500 zaidi atanung'unika kisha atazoea. Yule aliyekuta vipande viwili mahali alipozoea vitatu hatakwambia kitu. Ataacha kuja, na hutajua kwa nini.

Kama utafanya jambo moja wiki hii, nunua mizani. Jumatatu saa saba, foleni ikiwa imechachamaa, chukua sahani kumi za wali nyama zinazotoka, moja baada ya nyingine, pima nyama tu, andika, zirudishe ziende mezani. Zikitofautiana sana, anza na upawa na ukataji wa asubuhi. Zikilingana, basi kosa haliko hapo. Chukua daftari uende ukahesabu stoo.