Oktoba Marekani: Chagua Wiki Kwanza, Mji Baadaye

Kila ikifika Julai naanza kupata ujumbe uleule. Shemeji yuko Dar, viza imetoka. Binamu yuko Columbus, kazini wamempa likizo. Wote wanauliza: "Oktoba huko Marekani, wapi kuna hali ya hewa nzuri?" Nchi yenyewe pana mno kwa jibu la neno moja. Wiki ambayo sisi wa Minnesota tunatoa makoti kabatini, Houston watu bado wanalala na kiyoyozi. Kwa hiyo mimi siku hizi sianzi na mji. Naanza na wiki, kisha nauliza ni kitu gani huwa kinaharibu hewa ya mahali hapo katika wiki hiyo.

Wiki ninazozipenda ni za kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba. Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ikishapita watoto wamerudi shule, foleni zimepungua na mahali pengi bei za vyumba zimelegea. Ukivuka Oktoba, jua linazama mapema, saa za ukutani zinarudishwa nyuma kwa saa moja Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kule kaskazini saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Utatembea saa ngapi?

Sasa waharibifu. Florida ndiyo inayowanasa wengi, kwa sababu Septemba na Oktoba bei zake zinavutia. Zinavutia kwa sababu. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, na kilele chake ni karibu na Septemba 10. Mwaka 2024 Helene ilipiga Florida Septemba 26, na Oktoba 9 ikaja Milton, hata wiki mbili hazijatimia. Jamaa yangu mmoja alikuwa ameshalipia chumba Tampa katika wiki hiyo ya pili. Likizo yake akaimalizia sebuleni kwake akitazama taarifa ya habari. Wala usidhani milima inakuokoa. Helene hiyohiyo iliivuruga Asheville, mji wa milimani North Carolina, mbali kabisa na bahari, kwa mafuriko. Ukishikilia Florida, lipia chumba unachoweza kufuta bila kupoteza pesa, na uwe tayari kukifuta kweli.

Vermont na majimbo jirani ya kaskazini mashariki, ambako majani ya miti hugeuka mekundu kabla ya kupukutika, ni pazuri, sibishi. Lakini majani yale mekundu hayana kalenda. Mwaka huu yanawahi, mwaka ujao yanachelewa, na mvua ya siku mbili yenye upepo inaweza kuyapukutisha kabla hujafika. Juu ya hayo kuna wikendi ya Columbus Day, sikukuu ya Jumatatu ya pili ya Oktoba, ambapo kila mtu wa Boston na New York amepanda gari kuelekea hukohuko. Anayefuata majani na aende. Anayefuata jua asimfuate.

San Francisco watu wanaikosea kwa namna nyingine: wanaenda Julai na kaptula, wanakuta ukungu na upepo unaopenya mifupani. Kiangazi cha huko, Juni hadi Agosti, joto la bara huvuta hewa baridi ya baharini hadi mjini. Ikifika Septemba mvutano huo unalegea, ukungu unapungua, na huo ndio mwezi wenye joto kuliko yote pale. San Diego nayo ni nzuri wakati huo, ila maji ya bahari yana nyuzi 20 hivi; mtu wa Mombasa ataloweka miguu na kurudi mchangani. Ikianza kuvuma Santa Ana, upepo mkavu wa kutoka jangwani, fuatilia habari za moto.

Ukinibana nichague mahali pamoja tu, nasema New Mexico, wiki ya kwanza ya Oktoba. Mvua zao za kiangazi zinakuwa zimeisha na theluji haijafika mjini. Mbingu inakuwa ya buluu kavu, huoni wingu. Albuquerque iko kwenye mita 1,600 hivi, kama Iringa. Santa Fe iko kwenye 2,200 hivi, juu kidogo ya Eldoret. Mchana nyuzi joto 22 au 24, alfajiri chini ya 10. Hapo ndipo wageni wa kutoka pwani wanapotaabika: hewa kavu haihifadhi joto, jua likizama tu baridi inashuka. Vaa nguo juu ya nguo, unywe maji mengi, na siku ya kwanza usikimbilie kupanda mlima.

Wiki hiyo ndiyo ya tamasha la maputo ya hewa moto la Albuquerque, lililoanza mwaka 1972 kwa maputo 13 na sasa yanaruka mamia. Nenda kabla ya alfajiri. Utasimama gizani umejifunga blanketi, kahawa mkononi, na hatua chache mbele yako puto limelala chini kama turubai. Halafu wanafungulia gesi, moto unanguruma, kitambaa kinajaa na kunyanyuka kikiwaka kwa ndani, na watu wanarudi nyuma bila kuambiwa. Kuna asubuhi ambazo upepo wa chini huvuma kuelekea kusini na wa juu kuelekea kaskazini, hivyo rubani hupanda na kushuka na mara nyingine akatua karibu na alikoanzia. Saa nne koti umeshalivua.

Vyumba vya Albuquerque wiki hiyo ni ghali. Lala Santa Fe, kama kilomita 100 kaskazini, na usikose barabara ya kupanda mlimani ambako miti ya aspen imegeuka manjano. Sokoni utakuta wanachoma pilipili mbichi ndani ya pipa la wavu linalozungushwa juu ya moto, na harufu yake inakufikia kabla hujaiona. Mkahawani watakuuliza mchuzi wa pilipili nyekundu au ya kijani. Sema zote mbili.

Kwa mnaokuja kutoka nyumbani: kuanzia Januari 2026, asiye mkazi wa Marekani hulipa dola 100 za ziada kwa kila mtu wa miaka 16 na zaidi katika hifadhi 11 maarufu, Grand Canyon na Zion zikiwemo, asipokuwa na kadi ya mwaka ya dola 250. White Sands, ile ya mchanga mweupe huko New Mexico, haimo katika orodha hiyo.

Na kama likizo yako imeangukia Novemba, huna la kufanya, nenda Tucson au San Antonio, na uwe umesharudi kabla ya wiki ya Thanksgiving, sikukuu ya Alhamisi ya nne ya Novemba, maana tiketi za ndege hapo hazishikiki.