Ukuta wa bakteria wa kifua kikuu na mlo wake

SWALI: Nimesoma kwamba bakteria wa kifua kikuu amezungukwa na ukuta mnene wa mafuta unaomkinga dhidi ya dawa. Je, ukuta huo unahusika kwa namna yoyote na jinsi anavyojilisha akiwa mwilini?
Msomaji, mwanafunzi wa baiolojia

JIBU: Unahusika sana, ingawa vitabu vingi vya shule huishia kwenye kinga. Kinga yenyewe ni ya kweli: asidi za mikoliki zilizomo ukutani, yaani mafuta yenye minyororo mirefu, zina kaboni zipatazo 60 hadi 90, na ndizo zinazoifanya rangi nyekundu ya kupimia maabara ing'ang'anie bakteria hata makohozi yanapooshwa kwa asidi kabla ya kutazamwa kwa hadubini.

Anapomezwa na makrofeji, yaani seli ya kinga ambayo kazi yake ni kuwameza na kuwaua wavamizi, bakteria huyu hutegemea sana mafuta na kolesteroli ya seli hiyo. Kolesteroli huipitisha ukutani kwa msaada wa protini za kundi la Mce4, kisha huivunja na kupata, pamoja na mengine, propionili-CoA, kipande cha kaboni tatu ambacho kikirundikana humdhuru mwenyewe. Ili kukiondoa, hukitumia kujengea mafuta yenye matawi, kama vile PDIM na salfolipidi, ambayo huyapeleka kwenye tabaka la nje kabisa. Kwa hiyo taka ya mlo wake hugeuka kuwa vazi, tena vazi lenye manufaa, kwani bakteria asiye na PDIM hudhoofika sana ndani ya panya wa maabara. (Akikuzwa maabara kwa muda mrefu, mahali ambapo hakuna kinga ya kumwinda, huipoteza PDIM kwa urahisi, jambo linalowasumbua watafiti.)

Athari hiyo haiishii kwa bakteria. Baadhi ya asidi za mikoliki huisukuma makrofeji kujaza matone ya mafuta ndani yake, na matone hayo huwa akiba ya chakula kwa mvamizi aliyeyasababisha.

Kuhusu dawa, isoniazidi huzuia utengenezaji wa asidi za mikoliki na ethambutoli huzuia ujenzi wa sukari zinazozishikilia. Hata hivyo, bakteria aliyepunguza kasi ya kukua hujenga ukuta kidogo mno, hivyo isoniazidi haimpati ipasavyo. Hiyo ni sababu mojawapo ya dawa kadhaa kutumiwa kwa pamoja, kwa miezi mingi.