Kabla hujawaripoti "wazururaji" wa mtaani kwako

Msomaji mmoja wa Temeke ameuliza amwandikie nani barua ili vijana wanaoshinda kwenye kibaraza cha duka karibu na kwake waondolewe. Maswali ya aina hii hayaishi. Nalijibu kwa urefu kwa sababu barua nyingi za namna hiyo huishia kwenye droo ya mtendaji, na zile zinazofanyiwa kazi huleta msako. Karandinga linafika usiku, wanazolewa wote waliopo, muuza chipsi na mteja wake wamo. Yule aliyekwapua simu wiki iliyopita hayupo, kwa sababu ndiye wa kwanza kukimbia akiona gari. Kesho yake wenzake wanarudi na kinyongo, na wanajua nani alisema.

Kwa hiyo ripoti tendo. Usiripoti watu kwa sababu wamekaa.

Najua sheria ya uzururaji ipo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 176 na 177, inawataja wazembe na wazururaji, na humo ndani kuna hata mtu mwenye nguvu zake asiye na kazi ya kumwingizia kipato. Lakini tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hii zinakinzana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Walioomba maoni hayo ni Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Hata ukiliweka hilo kando, kijana asiye na ajira aliyekaa kijiweni hajakukosea. Aliyekukosea ni aliyemtukana binti yako, aliyekojoa kwenye geti lako, aliyemzuia mama njiani akitaka "hela ya soda". Hao wana vifungu vyao. Matusi na ugomvi hadharani, kwa mfano, viko kwenye kifungu cha 89, na havihitaji uzururaji hata kidogo.

Anza na daftari. Tarehe, saa, mahali, nini kilitendeka, nani alitendewa, nani aliona. Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Kuna wahuni wanavuta bangi pale dukani kila siku." Ya pili: "Ijumaa, saa 4:20 usiku, mbele ya duka la dawa lililofungwa, vijana watatu walimzuia mama aliyekuwa akitoka sokoni na kumnyang'anya mkoba, mmoja alivaa jezi nyekundu, na wote walikimbilia uchochoro wa upande wa msikiti." Ya kwanza inamwachia askari achague nani ni mhuni. Ya pili inampa mahali pa kuanzia. Ukijaza kurasa mbili za namna hiyo utaona pia siku na saa ambazo fujo hurudia, na hiyo ndiyo taarifa ambayo doria inaweza kuitumia.

Sasa, kwa nani? Watu wengi hukimbilia kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi ni kiongozi wa chama. Anaweza kusuluhisha majirani, na wengi wanafanya hivyo vizuri, lakini malalamiko rasmi hupokelewa na serikali ya mtaa: mwenyekiti, ambaye mlimchagua, na mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri. Barua iende kwa mtendaji, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa polisi kata. Isizidi ukurasa mmoja. Taja matukio matatu au manne mazito kutoka kwenye daftari, kisha sema unachoomba: doria kati ya saa fulani na saa fulani, mwenye duka aitwe aeleze kibaraza chake, jambo liingizwe kwenye ajenda ya mkutano wa mtaa. "Hatua zichukuliwe" hairidhishi mtu, kwa sababu hakuna anayejua hatua ipi.

Barua itiwe saini na kaya kadhaa. Malalamiko ya mtu mmoja humgeuza kuwa mchongezi. Ya kaya nane ni ya mtaa. Mwombe mtendaji majina yasisomwe mkutanoni. Peleka nakala mbili, na yako igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Bila muhuri huo, ukirudi baada ya wiki mbili kuulizia utaambiwa barua haijaonekana, na hutakuwa na la kujibu.

Jambo likiwa linatokea sasa hivi, barua haina kazi. Piga 112. Sema mahali kwanza, kabla ya kingine chochote, kwa sababu simu ikikatika mahali ndipo wanapopahitaji: kata, mtaa, na alama ambayo dereva asiye mwenyeji ataiona usiku. Kisha idadi ya watu, kama kuna silaha, kama kuna aliyeumia. Ukifika kituoni, hakikisha taarifa imeandikwa na umepewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Haina malipo. Aliyeumizwa achukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, hapo hapo, maana bila fomu hiyo itakuwa vigumu baadaye kuthibitisha jeraha. Ukiombwa "hela ya mafuta" ili gari litoke, hiyo ni rushwa, na TAKUKURU wako kwenye 113.

Kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yenu mnaruhusiwa, mradi mumkabidhi polisi mara moja. Kumfunga kamba ofisi ya mtaa hadi asubuhi hamruhusiwi, na kumpiga hamruhusiwi kabisa. Hili nalisema kwa uchungu. Vikundi vya ulinzi shirikishi vilivyoanza na nia njema vimejikuta kizimbani kwa sababu ya kipigo cha dakika kumi, na mwizi akageuka kuwa shahidi.

Wapo ambao hawapaswi kufika polisi kabisa. Mtoto anayelala kibarazani ni wa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, au simu ya watoto namba 116. Mgonjwa wa akili anayetembea akipiga kelele anahitaji ndugu, ustawi na hospitali, rumande itamzidishia. Kelele za baa nazo zina njia yake: afisa biashara anayesimamia leseni na afisa mazingira wa halmashauri, na wakishindwa, NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Na kitazameni kibaraza chenyewe. Mara nyingi fujo hukaa palipo na giza. Taa ya barabarani iliyoungua ripotini TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au halmashauri, mkitaja namba ya nguzo kama ipo. Mwenye duka akifunga taa ya nje na kuiacha ikiwaka hadi alfajiri, na kichaka cha pembeni kikafyekwa, kijiwe huhama au hutulia bila mtu kukamatwa.

Ikiwa jambo litafika Mahakama ya Mwanzo, jiandae kwa kitu ambacho wengi hawakitarajii: mara nyingi hakuna mwendesha mashtaka wa serikali wa kukusemea. Wewe mlalamikaji ndiwe unayesimama, unaeleza, na kuleta mashahidi wako. Kesi nyingi za matusi na shambulio hufia hapo, kwa kuwa mlalamikaji alikuja mara ya kwanza, kesi ikaahirishwa, na mara ya pili hakutokea. Waulize mashahidi mapema kama watakuja hata ikiahirishwa. Daftari lisome upya nyumbani usiku wa kuamkia kesi, kwa sababu utaulizwa saa, mwanga ulitoka wapi, na ulikuwa umbali gani ulipomwona.