Tui bichi au mafuta ya nazi kwa nywele za asili?

Dada, umeuliza kama tui bichi linafaa badala ya mafuta ya dukani. Linalainisha, ila usilale nalo. Linachacha, na harufu ya asubuhi, mh! Mimi nakuna nazi mbili, nakamua tui zito, nalichemsha kwa moto mdogo nikikoroga mpaka maji yakauke na mashapo yawe kahawia, kisha nachuja mafuta kwa kitambaa. Pakaa kidogo tu nywele zikiwa bado na unyevu, maana mafuta hayaongezi maji, yanayazuia yasitoke. Yakiganda huko kwenu Arusha mwezi wa saba usishtuke, yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, yasugue viganjani. Juisi ya kitunguu sikushauri. Ilinichoma utosi wiki nzima.