Redio Kando ya Mnara wa Taa: Maji ya Ziwa Si Maji ya Bahari

SWALI: Mhariri, sisi ni waendeshaji watatu wa redio ya ridhaa (ya kujifurahisha, si ya biashara) hapa Mbita na sote tuna leseni. Mwezi wa Agosti tunakusudia kufungua kituo cha siku mbili karibu na mmoja wa ile minara midogo ya taa kisiwani Rusinga, wakati ambapo waendeshaji wa nchi nyingi huwa hewani kutoka minara ya kwao. Tumesoma kwamba antena ya wima iliyosimamishwa kando ya maji huvuka mabara kwa wati chache tu. Je, tuifunge juu ya mnara? Na betri ya gari itatutosha? — Msomaji, Mbita.

JIBU: Mlichosoma ni kweli, ila kiliandikiwa watu wa pwani. Antena ya wima hunufaika na bahari kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana, hivyo mawimbi yanayoondoka kwenye antena kwa pembe ya chini, kuelekea upeo wa macho, hayamezwi njiani. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na uwezo wake wa kupitisha umeme ni mdogo kuliko wa bahari kwa mara mia kadhaa. Kwa kazi yenu hayatofautiani sana na shamba lenye udongo mzuri. Faida mtakayoipata ufuoni ni uwazi, kwani hakuna kilima wala nyumba mbele yenu, lakini msitarajie muujiza wa chumvi mahali pasipo na chumvi.

Kwa hiyo ningewashauri mwache antena ya wima, mtengeneze daipoli, yaani waya uliokatwa katikati na kuunganishwa na kebo hapo, kwa bendi ya mita 20 (masafa ya karibu megahezi 14). Urefu wake wote ni takriban mita 10 kwa masafa ya megahezi 14.2, nao hupatikana kwa kugawanya 143 kwa masafa hayo. Kateni waya mrefu kidogo, kisha mpunguze polepole mkiangalia mita inayoonyesha kama antena inalingana na masafa. Minara ya Rusinga, iliyojengwa kwa mfano wa minara mashuhuri ya ng'ambo ili kuwaongoza wavuvi, ni mifupi, kwa hiyo haitawapa kimo mnachokihitaji. Tafuteni mwanzi mrefu, mwinue katikati ya waya hadi mita 8 au 10, na ncha mbili zishuke kwa kamba hadi mahali ambapo mtoto hawezi kuzigusa. Waya ukiwa chini ya mita 5, nguvu nyingi hupanda moja kwa moja angani, na kidogo tu huelekea Ulaya. Ulaya iko upande wa kaskazini-magharibi yenu, kwa hiyo waya ulazwe takriban mashariki kwa magharibi, ncha ya mashariki ikielekezwa kidogo kaskazini.

Kuhusu betri, nitakuwa mkali kidogo. Mtambo wa wati 100 hunywa kama ampea 20 sauti inapofika kileleni, na betri ya gari imeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache, haikuundwa kutolewa chaji mchana kutwa. Ikishuka chini ya nusu mara kwa mara huharibika, na hata kabla ya hapo volti zikipungua mtambo utaanza kukoroma au kuzimika katikati ya sentensi. Nunueni au azimeni betri ya lithiamu ya aina ya fosfati, kisha mpunguze nguvu. Mkishuka kutoka wati 100 hadi 25, anayewasikiliza atapoteza alama moja tu ya S (kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayopokewa) kwenye mita yake, ilhali betri yenu itadumu muda mrefu zaidi.

Jambo ambalo hamkuliuliza ndilo litakalowasumbua zaidi: kelele. Mwaka mmoja niliweka kituo ufuoni karibu na Kisumu, na kuanzia saa nne asubuhi sindano ya mita ilisimama kwenye S7 bila kuteremka. Nilikagua kebo, nikalaumu nyaya za stima za jirani, nikabadilisha hata maikrofoni, jambo lisilo na mantiki yoyote. Wingu lilipofunika jua, kelele ikafifia. Hapo ndipo nilipong'oa waya wa paneli yangu ya sola, na redio ikawa kimya kama usiku. Mkosaji alikuwa kontrola yangu ya sola, kile kifaa kinachosimamia uchaji wa betri. Taa ya mnara inayotumia sola yaweza kufanya vivyo hivyo, na taa za wavuvi wa omena pia, kwa hiyo nendeni siku moja kabla na redio ndogo, msikilize mchana na usiku.

Ombeni ruhusa kwa wenye mnara na kwa kamati ya ufuo. Waandikieni pia mapema waandalizi wa shughuli hiyo ya nchi nyingi ya kurusha redio kutoka minara ya taa, mwulize kama mnara wa kimo kile unakubalika. Hufanyika wikendi kamili ya tatu ya Agosti. Kwa saa zetu huanza saa tisa za usiku wa kuamkia Jumamosi. Mkisikia ngurumo, hata ya mbali, ng'oeni kebo ya antena na mwondoke chini ya mwanzi. Radi za ziwa hili mnazijua kuliko mimi.

SWALI: Mimi niko Nakuru na sina leseni. Naweza kuwasikiliza waendeshaji wa redio ya ridhaa walio kwenye minara ya taa kwa redio yangu ya kawaida ya masafa mafupi? — Msomaji, Nakuru.

JIBU: Kusikiliza utaweza, mradi redio yako iwe na swichi ya SSB, aina ya urushaji wa sauti wanayoitumia waendeshaji hao, bila hiyo utasikia sauti kama za bata wakigombana. Jaribu kati ya megahezi 14.1 na 14.35 alasiri, na jua likitua uhamie kati ya 7.05 na 7.2. Waya wa mita kumi uliotundikwa mtini utakusaidia kuliko antena ya kuvuta. Vituo vya Kenya utavitambua kwa herufi za mwanzo, 5Z4.